Karatasi Moja, Kurasa Nane: Vijitabu vya Vichekesho na Michezo ya Karatasi Mungaa



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumzia kuku wa kienyeji, mizinga ya nyuki, alizeti na vikundi vya kuweka na kukopa. Safari hii tunaleta shughuli ndogo kuliko hizo zote. Mtaji wake haufiki bei ya jogoo mmoja, haihitaji shamba wala umeme nyumbani, na kijana aliyemaliza darasa la saba anaweza kuifanya. Ni utengenezaji na uuzaji wa vijitabu vya vichekesho na michezo midogo ya karatasi.

Tunaieleza kwa kuangalia mazingira ya Mungaa, katika Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida, kwa sababu ndiko tulikojifunza nao, na ndiko tulikokosea nao. Kosa hilo tutalieleza pia, maana bila hilo makala hii ingekuwa nusu.

Si jambo geni kwetu

Wengine hudhani vichekesho vya karatasi ni mambo ya mjini. Wazee wetu watakumbuka Chakubanga, kibonzo cha Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Kilipendwa hadi watu wengi wakaanza kuita kibonzo chochote "chakubanga". Katika miaka ya 1970 Said Bawji na Nico ye Mbajo walianzisha jarida la Sani, ambalo jina lake limetokana na herufi za mwanzo za majina yao mawili. Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe na Madenge walionekana humo. Baadaye, tangu mwaka 1999, jarida la Fema liliwafikia wanafunzi wa sekondari kwa hadithi za picha, na jarida la Si Mchezo! likawalenga vijana wa vijijini.

Wenzetu wa nje nao wana mifano. Huko Onitsha, Nigeria, katika miaka ya 1940 hadi 1960, watu wa kawaida waliandika vijitabu vya mapenzi, mawaidha na mizaha, wakavichapa kwa bei nafuu na kuviuza sokoni kando ya nguo na sufuria. Kaskazini-mashariki mwa Brazili vijitabu vya mashairi na vichekesho huanikwa kwenye kamba sokoni, na vingi vina kurasa 8 tu. Muuzaji husoma kwa sauti hadi karibu na mwisho, kisha hunyamaza. Anayetaka kujua mwisho hununua.

Kwa hiyo hatuzungumzii kiwanda cha uchapaji. Tunazungumzia karatasi moja, kalamu nyeusi, na mashine ya fotokopi ya steshenari.

Jinsi ya kutengeneza kijitabu

Vifaa: karatasi ya A4, kalamu nyeusi ya wino, rula, mkasi au wembe. Usitumie penseli kwa nakala ya mwisho, kwa sababu fotokopi huififisha.

1. Laza karatasi kwa upana. Ikunje katikati kwa urefu, ifungue. Kisha ikunje katikati kwa upana, na tena katikati. Ukiifungua utaona vyumba 8, vinne juu na vinne chini. Kila chumba kina upana wa sentimita 7 na nusu hivi na urefu wa sentimita 10 na nusu.

2. Weka namba za kurasa. Safu ya chini, kutoka kushoto kwenda kulia: 8, 1, 2, 3. Safu ya juu, kutoka kushoto kwenda kulia: 7, 6, 5, 4. Kurasa za safu ya juu zichorwe zikiwa zimepinduka, yaani kichwa cha kila picha kielekee katikati ya karatasi. Hapa ndipo wengi hukosea mara ya kwanza, hivyo jaribu kwanza kwa karatasi chakavu.

3. Acha pembeni nafasi ya sentimita 1 bila kuchora, kwa sababu mashine nyingi hukata kingo.

4. Toa fotokopi upande mmoja tu. Kila nakala ni kijitabu kimoja.

5. Kunja kila nakala kama ya kwanza. Kata mstari wa katikati unaolala, lakini katika vyumba viwili vya katikati tu, usifike pembeni. Kisha kunja karatasi kwa urefu, sukuma ncha mbili zikutane hadi pale palipokatwa pafunguke na karatasi isimame kama msalaba. Laza kurasa upande mmoja. Kijitabu kimekamilika bila pini wala gundi.

Baada ya mazoezi, mikono mitano iliyokaa mkekani humaliza nakala 50 kabla maharage hayajaiva jikoni.

Kichekesho kinajengwaje

Kurasa nane ni chache. Hazibebi hadithi ndefu, bali jambo moja linalopanda na kugeuka. Utaratibu tunaoupendekeza ni huu: ukurasa wa 1 ni jina na picha, wa 2 unaonyesha hali ilivyo, wa 3 hadi wa 6 mambo yanazidi, wa 7 yanageuka, wa 8 ni kicheko. Chini ya ukurasa wa 8 weka neno moja la faida kwa msomaji. Ufuatao ni mfano tuliouandaa kwa ajili ya mafunzo. Kila mtu Singida anamjua mhusika.

Ukurasa wa 1: "Jogoo Anayejua Ratiba."
Ukurasa wa 2: Mama anaongea na simu: "Karibu Jumapili, mgeni wetu!" Jogoo amesimama dirishani, shingo imenyooka.
Ukurasa wa 3: Jumatatu. Jogoo anachechemea.
Ukurasa wa 4: Jumatano. Jogoo anakohoa mbele ya baba. Anahakikisha baba ameona.
Ukurasa wa 5: Ijumaa alfajiri. Hawiki. Amemwachia zamu jogoo wa jirani.
Ukurasa wa 6: Jumamosi. Mama anasema: "Huyu anaumwa, mgeni tutampa maharage." Jogoo amefumba jicho moja.
Ukurasa wa 7: Jumapili. Mgeni anashuka kwenye basi na mkoba wake. Ni bwana mifugo, na sindano anayo.
Ukurasa wa 8: Jogoo yuko juu ya paa, anawika kwa nguvu zake zote: "Nimeponaaa!" Chini yake: "Wako anaumwa kweli? Chanja kuku wako dhidi ya mdondo kila baada ya miezi mitatu."

Angalieni jambo moja hapa. Hakuna aliyedhalilishwa. Mama yumo, baba yumo, bwana mifugo yumo, na kila mmoja anaweza kujicheka. Mafundisho ya chanjo nayo yameingia bila mhadhara. Mtu ambaye hawezi kukaa saa mbili kwenye semina ya mifugo atamsomea mwenzake jogoo huyu kwa dakika mbili, na mara ya pili watoto watakuwa wamemkariri.

Mchezo wa karatasi

Katika mchezo wa nyoka na ngazi unapanda kwa bahati na kushuka kwa bahati. Ukiuchora upya kwa maisha ya mkulima, kila kupanda na kushuka kunapata sababu. Chora mraba wenye vyumba 36, sita kwa sita, kwenye karatasi moja ya A4. Anza chini kushoto, maliza juu. Uite, kwa mfano, "Njia ya Alizeti". Andika katika baadhi ya vyumba:

Chumba cha 4: Mvua ya kwanza imekukuta na mbegu mkononi. Nenda chumba cha 9.
Chumba cha 15: Mbuzi ameingia shamba la watu. Ni mbuzi wako. Rudi chumba cha 8.
Chumba cha 22: Kwelea kwelea wamefika, na mlinzi amelala. Rudi chumba cha 13.
Chumba cha 27: Umekausha alizeti vizuri kabla ya kuipeleka kukamuliwa. Nenda chumba cha 33.
Chumba cha 35: Umeuza alizeti yote, ukanunua redio mbili. Rudi chumba cha 20.

Kete ni punje za mahindi na maharage, au visoda vile vile vya kuchezea drafti. Badala ya dadu, weka vikaratasi sita vyenye namba 1 hadi 6 ndani ya kopo. Mchezaji huchota kimoja, husogea, kisha hukirudisha. Dadu ya karatasi hulalia upande wenye gundi, na watoto hugundua upesi kuliko wakubwa.

Tunatoa angalizo moja. Mchezo huu usiwe wa kuwekeana fedha. Tukiingiza kamari nyumbani kwa watu kwa mlango wa mafundisho, tutakuwa tumebomoa tulichojenga.

Tupige hesabu ya kweli

Tuchukue mfano wa kikundi cha vijana watano wanaotoa nakala 50. Tukadirie fotokopi shilingi 100 kwa nakala, yaani shilingi 5,000. Kalamu na karatasi za majaribio shilingi 1,000. Nauli ya mtu mmoja kwenda steshenari na kurudi shilingi 4,000. Jumla ni shilingi 10,000. Bei za kwenu zikiwa tofauti, badilisheni namba. Njia ya hesabu ni ile ile.

Wakiuza kwa shilingi 500, nakala 20 za kwanza zinarudisha mtaji tu. Wakiuza nakala 30, wanabaki na shilingi 5,000, sawa na shilingi 1,000 kwa kila kijana. Wakimaliza zote 50, wanabaki na shilingi 15,000, yaani shilingi 3,000 kwa kila mmoja.

Tunasema wazi: hii si ajira. Atakayewaambia vijana kwamba watajenga nyumba kwa vijitabu vya vichekesho anawadanganya. Ni kipato cha ziada cha daftari, sabuni na mchango wa kikundi. Faida nyingine ni mazoezi. Kijana anajifunza kupanga bei, kutunza daftari la mapato na matumizi, kumkabili mnunuzi, na kusimama tena baada ya kukataliwa.

Kwa sababu hiyo tunashauri msiikopee shughuli hii. Mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni mizuri, lakini itunzeni kwa miradi inayoweza kubeba marejesho. Hapa anzeni na nakala 20. Zikiisha, toeni 30.

Wapi na lini pa kuuza

Siku ya mnada ni bora kuliko siku nyingine, na miezi baada ya mavuno ni bora kuliko Januari, wakati kila mzazi anahesabu madaftari na sare za shule. Watu wanaosubiri hununua kuliko watu wanaopita: abiria kituoni, wateja wa kinyozi, wanaosubiri zamu ya kukamua alizeti. Hata ndugu wanaokaa nje ya wodi katika Hospitali ya Makiungu huhitaji kitu cha kuwapitishia saa. Ila hapo ombeni ruhusa ya uongozi kwanza, na msipeleke kichekesho cha ugonjwa wala cha msiba.

Mbinu ya Wabrazili inafaa kwetu pia. Someni kwa sauti hadi ukurasa wa 6, kisha fungeni kijitabu. Mkiweza kutia neno moja la Kinyaturu mahali pake, wenye masikio watageuka.

Kicheko cha nani?

Sasa tunafika kwenye kosa letu.

Katika mafunzo ya mwanzo tuliwaambia vijana wachore mambo wanayoyaona kijijini. Kikundi kimoja kilichora mtu mwenye madeni anayemkimbia kila anayemdai kwa baiskeli isiyo na breki. Kilikuwa kichekesho kizuri. Jina halikuandikwa. Lakini baiskeli ilichorwa na kikapu chake, na kofia ikachorwa ilivyo, na mnadani kila mtu akamtambua mwenyewe. Nakala ziliisha haraka kuliko siku zote, na sisi, tukiri, tulifurahia mauzo.

Jioni mzee huyo alikuja mahali tulipokaa. Vijana walimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Alitoa shilingi 500, akachukua kijitabu, akakifungua ukurasa kwa ukurasa hadi mwisho. Kisha akakikunja na kukitia mfuko wa shati. "Wanangu, mmechora vizuri," alisema. "Ila wajukuu zangu wasikione."

Hakugomba. Angegomba tungekuwa na la kujibu: kwamba hatukutaja jina, kwamba ni utani tu. Kitabu cha Mithali, sura ya 26, mstari wa 18 na 19, kinamfananisha anayemuumiza jirani kisha akasema alikuwa akitania na mwendawazimu anayerusha moto na mishale. Maneno hayo tulikuwa tumeyasoma mara nyingi. Siku ile ndiyo tuliyasoma.

Nakala zilizobaki tulizichoma, na hasara tukaibeba sisi, si vijana. Siku ya pili tulikwenda nyumbani kwake pamoja na vijana na mzee mmoja wa kanisa, tukaomba radhi. Nakala zilizokwisha kuuzwa hatukuweza kuzirudisha. Hilo ndilo tofauti ya utani wa mdomo na utani wa karatasi. Utani wa mdomo una watani wake, mipaka yake na wakati wake. Mtani akisema nawe unamjibu papo hapo. Karatasi haijibiwi. Inakwenda nyumba usiyoijua na kukaa huko.

Tangu hapo tuna kipimo kimoja tunachowapa vikundi vyote kabla ya kwenda fotokopi: je, anayechekwa ndani ya kijitabu hiki angekinunua, akakipeleka nyumbani, akawasomea watoto wake? Kama jibu ni ndiyo, chapeni. Kama ni hapana, chora upya. Vijana wale walichora upya. Safari hii baiskeli ndiyo inayosimulia, na wanaochekwa ni wao wenyewe wanaoiazima bila kuijaza upepo.

Kipimo hiki ni cha imani, na ni cha biashara pia. Mjini mchoraji hamjui anayemcheka. Mungaa anayechekwa ni mteja wa kesho, na shangazi yake, na majirani zake. Kijitabu kinachomwaibisha mmoja huuza siku moja, kisha hufunga milango kumi.

Yapo pia mambo ambayo hata kipimo hatuyapimii, tunayaacha kabisa. Mauaji ya watu simba yaliyotikisa Singida katika miaka ya 1940 wengine huyafanyia mzaha, lakini walikufa watu, na wengine wakanyongwa. Wazee wenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, na ndugu zetu wenye ualbino, wameuawa katika nchi hii kwa maneno yaliyoanza kama minong'ono na kicheko. Tusiongeze hata mstari mmoja.

Kuhusu sheria

Msinakili Kipepe wala Madenge. Hakimiliki zinalindwa na sheria ya mwaka 1999, tena mhusika wenu wenyewe atawafaa zaidi. Mkitaka kutoa chapisho lenye jina na namba za matoleo kama gazeti, onaneni kwanza na afisa utamaduni wa halmashauri, kwa sababu Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ina masharti ya leseni. Ushuru wa mnada ulipwe kama wauzaji wengine wanavyolipa.

Hitimisho

Wapo wanaotuuliza kama kuchekesha ni kazi ya watu wa imani. Tunawakumbusha kwamba jina la Isaka lenyewe limetokana na kicheko, na kwamba Mithali 17:22 huuona moyo wenye furaha kuwa ni dawa. Tunawakumbusha pia nabii Nathani katika 2 Samweli 12. Alipotaka kumrekebisha mfalme hakumtangaza sokoni. Alikwenda kwake, akamsimulia hadithi ya mtu mwingine, akamwacha ajione mwenyewe. Hadithi nzuri, hata ya kuchekesha, humpa mtu nafasi ya kujiona bila kuvuliwa nguo mbele za watu.

Vikundi vinavyotaka kuanza, anzeni wiki hii kwa karatasi moja na kichekesho kinachowahusu ninyi wenyewe. Mkishindwa kujicheka, bado hamjawa tayari kumcheka jirani.